Sauti Nyuma ya Kamera

Jumanne, 4 Machi

Binti yangu amepiga simu. Yeye mwenyewe, si mumewe kwa niaba yake. Nilikuwa stoo nahesabu ndoo za rangi nyeupe zilizoingia asubuhi. Hesabu ikanipotea, na baada ya simu nikaianza upya mara mbili.

Hakuzunguka. Salamu, habari za kazi, kisha akasema anajifungua mwezi ujao na anataka video za mama yake. Si zote. Zichaguliwe, ziunganishwe, ili mtoto akikua amwone bibi yake alivyokuwa akitembea na kuongea. Nikasema nitafanya. Akasema asante Baba, akakata.

Miaka minne hajaniomba kitu. Hata msibani kwa mama yake Agosti iliyopita alinipa mkono kama walivyonipa mkono watu wa kazini. Sijui nilimkosea nini. Nimejiuliza mpaka nimechoka.

Kadi za kamera zipo, kumi na nne, kwenye kopo la biskuti. Kamera yenyewe bado inawaka. Kompyuta ndiyo sina.

Alhamisi, 6 Machi

Nimeazima laptopu ya karani wetu, yule tunayemwita Kalamu Mbili kwa sababu moja huwa haiandiki. Saa ya chakula nikachomeka kadi. Feni ikaanza kukoroma. Picha ikatembea hatua mbili, ikaganda. Mke wangu kabaki na mdomo wazi, mkono uko hewani, sauti inaendelea bila yeye.

Nikaifunga haraka. Nilishamwona hasogei mara moja, inatosha.

Kalamu Mbili anasema laptopu yake ni ya kuandikia barua, tena barua iwe fupi. Watu wakacheka. Na mimi nikacheka.

Jumamosi, 8 Machi

Nimezunguka madukani tangu asubuhi, miguu inawaka moto.

Duka la kwanza, lile lenye vioo. Muuzaji alinipima kuanzia viatu kwenda juu, akanipeleka moja kwa moja kwenye laptopu za bei ya chini. Mpya, nyekundu, nyembamba kama daftari. RAM ya GB nne, diski ndogo kiasi kwamba kadi zangu tatu tu zingeijaza. Nikauliza inaweza kukata video? Akasema inaweza kila kitu. Nikauliza anaweza kunionyesha? Akaitwa na mteja mwingine.

Inayofaa ilikuwa kwenye meza ya pembeni. Bei yake nikaisoma mara moja tu. Nikarudisha kifuniko taratibu, kama mtu aliyefunua chungu cha jirani.

Mwisho nikafika kwa fundi, chini ya ngazi za jengo la bima. Mama wa makamo, miwani kaipandisha kwenye paji la uso, meza imejaa skrubu ndani ya vifuniko vya soda. Huyu aliniuliza maswali kwanza. Kamera gani? Kadi ngapi? Video ndefu kiasi gani? Kisha akasema, "Kaka, angalia vitu vitatu. Prosesa, RAM, diski. Wembamba na rangi waachie wanaotembea nazo."

Anayo kompyuta ya mezani iliyotoka kwenye ofisi iliyofungwa. Boksi jeusi, baya, zito. Watu hawaitaki kwa sababu haibebeki, ndiyo maana bei imeshuka. Ataiongezea RAM ifike kumi na sita na kuiwekea SSD, diski ya kasi. Skrini ya zamani ananipa pamoja nayo. Na video zikiwa nzito, programu inatengeneza nakala ndogo ndogo, unakata hizo, mwishoni yenyewe inarudi kwenye zile kubwa.

Nimemwambia nitafikiri. Lakini nilishaamua nikiwa pale pale.

Jumatatu, 10 Machi

Shemeji alipita jioni, dada mdogo wa marehemu. Kaleta nguo za mtoto alizoshona. Nikamwambia habari ya kompyuta. Akauliza kwa nini nisimpe tu yule anayepiga video za harusi, afanye siku mbili amalize.

Nikasema sitaki mtu baki amkate mke wangu vipande.

Akakunja kile kigauni kidogo, akakikunjua, akakikunja tena. Halafu akasema, polepole tu, bila ugomvi: "Kamera ulinunua kwa pesa taslimu, shemeji. Hospitali ukasema dada asubiri mwisho wa mwezi."

Kamera ni ya zamani sana, miaka mingi kabla ya ugonjwa. Mambo mawili hayahusiani. Nimeyaandika hapa pamoja ili nione kama hayahusiani.

Jumatano, 12 Machi

Nimeichukua. Kabla ya kulipa nilimwomba fundi aiwashe nijaribu na kadi yangu mwenyewe. Sikutaka kuuziwa mbuzi kwenye gunia.

Ikafunguka. Mke wangu yuko uani anakunja mashuka, upepo unalivuta moja, analikanyaga ncha kwa kidole cha mguu. Laini kabisa, hakuna kuganda. Nilishika ukingo wa meza.

Fundi akauliza mama yupo? Nikasema alifariki. Akanipa pole. Tukatazama kidogo. Kisha akauliza, "Na huyu anayeongea nyuma ni nani?"

Nikamwambia ni mimi.

Akashusha miwani, akaanza kufunga skrubu za boksi.

Jumamosi, 15 Machi

Kompyuta imekaa chumba cha binti, kwenye meza aliyosomea. Nimenakili kadi zote kumi na nne, saa nne nzima, na diski bado ina nafasi. Boksi linanguruma kidogo tu. Nimejifunza kukata, kuunganisha, kupunguza mwanga. Nilijisikia fundi kamili. Nikajitengenezea chai, nikarudi kwenye kiti kama bosi.

Nimekusanya za kwanza. Anapanga vyombo. Anamsuka binti. Anajaribu viatu vipya na kuvivua, vinambana. Anacheka, halafu anafunika mdomo.

Nilijiuliza kwa nini anafunika mdomo. Mke wangu alikuwa na meno mazuri. Nikavaa hedifoni nisikie.

Sauti yangu inasema: "Usicheke hivyo, unaonyesha fizi kama punda."

Ulikuwa utani. Nakumbuka ulikuwa utani.

Nimeitafuta video ya baadaye anayocheka. Anafunika mdomo. Nyingine, miaka miwili mbele. Anafunika.

Jumapili, 16 Machi

Nimesikiliza tangu asubuhi mpaka jua likaingia kwenye skrini. Kadi sita. Naandika ninavyosikia, nisije kesho nikasema sikusikia.

Siku tulipopaka nyumba rangi. Nilileta rangi ya kazini, kopo lililobonyea. Kamera inatembea ukutani, juu, chini, dirishani. Ukuta mrefu ajabu, dakika saba za ukuta. Binti anaingia mbele ya kamera. Ana miaka tisa, ameshika karatasi, anainyoosha juu kabisa. Sauti yangu inasema toka hapo, unaziba. Anasema Baba nimekuwa wa pili. Nasema nimesikia, toka, narekodi nyumba. Mke wangu, hayumo kwenye picha, anasema mtazame kwanza mtoto. Namjibu, "Wewe unajua nini kuhusu kamera?"

Binti anatoka. Kamera inarudi ukutani.

Nimerudisha nyuma nione uso wake wakati anatoka. Haumo. Nilikuwa nimeshageuza kamera.

Nyingine. Mke wangu anajaribu kuelezea kitu kilichotokea sokoni. Namkatiza, nasema ongea kitu cha maana, kadi inajaa. Ananyamaza. Anaitazama kamera, anatabasamu na kusema basi, zima.

Nyingine. Nyingine. Simpigi. Simtukani matusi ya barabarani. Namrekebisha tu. Simama vizuri. Geuka. Si hivyo. Nani kakuambia uvae hiyo? Rudia. Na yeye anarudia. Kila mara anarudia.

Kama ningenunua ile laptopu nyekundu isingefungua hata video moja. Ningempigia binti nimwambie zimeharibika, naye angeamini.

Jumatatu, 17 Machi

Kazini. Kalamu Mbili ameniuliza kama naumwa jino. Nimesema ndiyo.

Alhamisi, 20 Machi

Jumanne na jana, kila nikitoka kazini, nilikaa kwenye kompyuta. Nimetoa sauti yote. Nikaweka muziki, kinanda cha taratibu kinachokuja na programu. Dakika kumi na mbili. Unaona mwanamke mzuri, mume anayempenda mkewe kiasi cha kumpiga picha miaka yote hiyo. Hata mimi niliamini.

Leo jioni nimemwonyesha shemeji. Amelia tangu ile ya mashuka. Ilipokwisha akajifuta kwa kiganja, akauliza, "Sauti yake iko wapi?"

Nikasema upepo, kelele, kamera ya zamani.

Akasema, "Dada yangu hakuwa bubu, shemeji. Mtoto wa binti yako atadhani bibi yake alikuwa bubu."

Alipoondoka nikajaribu kumrudishia sauti yake peke yake. Haiwezekani. Nimetafuta mahali anapoongea bila mimi, kadi zote nilizozisikiliza. Anaongea akinijibu. Nikijiondoa mimi, yeye anabaki kusema "sawa", "haya", "hivi?", "nimesikia". Nimeziunganisha hizo zilizobaki, nione. Sekunde arobaini. Nimezifuta.

Kumbe fundi alisikia yote haya ndani ya dakika moja, kwenye video ya mashuka tu.

Ijumaa, 21 Machi

Nimempigia binti. Nikamwambia ipo tayari, ina muziki mzuri. Akauliza, "Na anaongea?"

Nikasema kidogo. Hapana. Haongei.

Akasema muziki anaweza kusikiliza popote. Anakuja Jumapili, mumewe atamleta na kumfuata jioni. Nisifute chochote. Alilisema hilo mara mbili, kwa sauti ya mtu anayezungumza na mfanyakazi mpya.

Ninaweza kufuta. Ni kubonyeza mara moja, na kompyuta inauliza kama nina uhakika. Nimefika mpaka kwenye swali hilo.

Jumapili, 23 Machi

Amekuja saa nne. Tumbo kubwa, miguu imevimba kama ya mama yake. Hajaingia nyumba hii tangu msiba. Alisimama kwenye mlango wa chumba chake akaitazama kompyuta, akasema, "Kubwa hivyo?" Nikamweleza prosesa, RAM, habari ya nakala ndogo ndogo. Niliongea sana. Alinisubiri nimalize.

Sikumwonyesha ile ya muziki. Nikamwambia video zote zipo, na zina sauti yangu. Nikasema, "Sikujua naongea hivyo."

Akasema, "Sisi tulijua."

Kisha akauliza kama ipo ile ya siku mama ametoka hospitali, baada ya kupasuliwa mguu, miaka minne iliyopita. Nikasema siikumbuki. Si kwamba nilimficha. Kadi za mwisho sikuwa nimezifikia, na siku yenyewe siikumbuki kama siku ya kamera. Akanitazama kidogo, akavuta kiti, akaanza kufungua faili moja moja. Nikatoka, nikarudisha mlango. Nimekaa jikoni na daftari hili.

Saa nzima vipande vipande. Vyombo, vicheko, mimi. Halafu ameipata. Ukuta ni mwembamba, nasikia kila kitu.

Geti linalia. Mkongojo kwenye saruji. Mke wangu anahema. Anafika mlangoni, watu wanasema karibu nyumbani. Sauti yangu: "Subirini. Picha imetikisika. Rudi getini utembee tena."

Anarudi. Mkongojo, mkongojo. Anatembea tena. Sauti yangu inasema hapo katikati umeinamisha kichwa, tutakuonaje? Rudia. Binti anasema, "Baba, basi." Namjibu, "Nyamaza, unaingia kwenye sauti."

Na mke wangu anasema, "Mwache mwanangu. Ni hatua chache tu." Mkongojo ukarudi getini. Mara ya tatu.

Sikuwa nakumbuka. Naapa sikuwa nakumbuka hata kidogo.

Kisha geti likalia tena, ameirudisha mwanzo. Nilipeleka maji, niliona ni lazima nipeleke kitu. Alikuwa na mikono miwili juu ya tumbo. Hakugeuka. Akasema, "Nilikuambia habari hii mwaka ule ule. Ukasema nimeitunga. Nikafika mahali nikaamini nimeitunga kweli."

Hilo la kuambiwa pia silikumbuki. Sikumwambia. Niliweka glasi mezani nikatoka.

Sasa ni mara ya nne. Ameacha hapo mama yake anaposema mwache mwanangu, anarudisha, anaacha, anarudisha. Ndiyo maneno mengi zaidi niliyomsikia mke wangu akisema bila kukatizwa. Video imesimama. Kiti kimesogea.

"Baba."

Nimeitika.

"Njoo. Njoo na kiti chako."

Nimesema nakuja. Kiti nimeshakishika kwa mkono mmoja, kalamu iko kwenye mwingine. Mlango ameufungua mwenyewe.