Nyundo Hazikusogea

Jumamosi, mwezi wa saba. Ukungu tangu asubuhi, na manyunyu yasiyojua kama ni mvua.

Kuna jambo sijamwambia mtu yeyote. Alhamisi, katika ibada ya mazishi ya Cucu, nyanya yangu, sikupiga piano. Nilikaa mbele ya piano hiyo, nikaweka vidole juu ya vibao, nikavisogeza beti tatu nzima. Sikubonyeza hata mara moja.

Basi, nimeandika. Wanaosoma blogu hii ni watu watatu, na wawili kati yao siwajui. Labda ndiyo maana naweza.

Ni miezi mitano sasa tangu nianze kujifunza. Kila Jumamosi hutoka kwetu Woodley nikaenda kanisani Kangemi, ambako Mwalimu Achieng hunipa nusu saa. Siku za wiki anafundisha shule ya msingi, na Jumapili ndiye mpiga piano wetu. Piano yenyewe ni kuukuu. Ubao wake wa mbele ulitolewa zamani watu walipokuwa wakitafuta panya, na haukurudishwa, kwa hiyo ukibonyeza unaona nyundo ndogo ndani ikiruka na kugonga waya. Siku ya kwanza nilizitazama nyundo hizo mpaka nikasahau vidole.

Miezi mitano, na ninachojua ni mkono wa kulia, vibao vyeupe tu, mistari mitatu ya wimbo mmoja.

"Vyeusi bado," Mwalimu husema. "Kwanza ujue nyumbani ni wapi." Nyumbani ni do, ile iliyo karibu na tundu la ufunguo.

Kwetu hakuna piano. Nilichora vibao kwa kalamu nene juu ya katoni ya sabuni, na katoni hiyo ndiyo ninayoifanyia mazoezi. Baada ya somo nilikuwa nikipitia kwa Cucu, mama yake Baba, chumbani kwake nyuma ya soko. Ugonjwa wa sukari ulikuwa umemmaliza macho, na tangu Krismasi hakuwa ametoka kitandani. Niliilaza katoni ukingoni mwa kitanda, nikapiga, naye akasikiliza kucha zangu.

Jumamosi moja akauliza, "Unapiga nini hapo?"

Nilikuwa nikipanda na kushuka tu, do hadi so, kama mtoto anayejifunza ngazi. Lakini nikautaja wimbo wake, ule aliokuwa akiuimba akichambua maharagwe.

"Wote?"

"Wote, Cucu."

"Basi siku yangu ikifika, ni wewe utanipigia. Na usiniache njiani."

Nikacheka. Nikasema sawa.

Tangu siku hiyo kila aliyekuja kumwona aliambiwa. Watu ambao hawajawahi kunisemesha wakaanza kunisalimia kama mpiga piano. Nilipata nafasi nyingi za kusema ukweli. Kila mara niliona haya, nikainama, na wao wakadhani ni unyenyekevu.

Cucu alifariki Ijumaa ya wiki iliyopita.

Jumatano jioni Tata Wangari, dada yake Baba, alikuja kutoka Ngara na bunda la programu za mazishi, zimeshachapishwa. Hakuwa amemuuliza mtu. Ukurasa wa mbele, chini ya picha: Wambui. Ukurasa wa pili: Piano, Wambui, mjukuu. Kwetu binti wa kwanza hupewa jina la mama wa baba yake, ndiyo maana Baba huniita Mama tangu nizaliwe. Sasa jina lilikuwa hapo mara mbili, la aliyekufa na la mwongo.

"Mwalimu wenu ako na darasa kesho," Tata akasema. "Lakini tuko na wetu, si ndiyo?"

Nikainama.

Usiku huo niliirudia katoni yangu. Katoni haikukosoi. Ukikosea inanyamaza, ukipatia inanyamaza vilevile. Kufika saa nne nilikuwa nimejishawishi kwamba mistari mitatu niliyoijua ya wimbo wa Cucu ingetosha, kwamba wa nne ungezama ndani ya sauti za watu.

Ambalo sikulijua ni hili: wamama wa kanisa letu hawaingoji piano. Piano ndiyo huwangoja wao. Mwalimu Achieng huwasikiliza kwanza, akajua leo koo zao zimeamkia wapi, kisha akawafuata. Mimi nilidhani nitabonyeza do na wao waimbe kutoka hapo. Jina langu liliposomwa, kabla sijafika kwenye kiti, Mama Njoki alikuwa ameshaunyanyua wimbo, na vitambaa vyote vya kichwa vikaingia nyuma yake. Nilitafuta do yao. Haikuwa yangu. Ilikuwa juu kidogo, lakini haikufika re. Ilikuwa katikati, kwenye kibao cheusi.

Nikaogopa kuharibu. Nikaweka vidole, nikavichezesha kama juu ya katoni. Beti tatu. Nyundo zilikaa zimejipanga, na vumbi juu yake.

Nje watu walinishika mkono. Mzee mmoja wa kanisa akasema, "Hiyo kipawa usiiache, sawa?" Binamu yangu Kim akanipiga bega: "Wee! Kumbe uko na talanta na umenyamaza tu hivyo!" Tata Wangari alinikumbatia akilia. "Umempigia mpaka nikasikia kila kitu," akasema.

Nikasema asante.

Nilisema asante, nikiwa nimesimama karibu na jeneza.

Tukaenda kumzika shambani kwetu, huko Kikuyu. Nilitupa udongo wangu kama wengine. Kilichonisumbua sikukielewa mpaka jana jioni, Baba aliponiomba nimpitishie chumvi. Alisema, "Wambui, chumvi." Nikahesabu nyuma. Tangu Alhamisi hajaniita Mama.

Leo asubuhi nilikuwa nikifunga kamba za viatu akasema ananisindikiza. Hajawahi. Njia nzima alizungumzia baridi. Kanisani alienda moja kwa moja kwenye benchi la mbele, akakaa palepale alipokaa siku ya ibada. Nikatazama alipokaa, nikatazama piano. Kutoka hapo mtu huona ndani kabisa.

Mwalimu Achieng akampa pole. Baba akaitikia, kisha akaniambia, "Piga ule wimbo."

Nilitafuta do, nikabonyeza. Nyundo ikaruka. Nilipiga mistari mitatu, nikakosea mara nne, na mwisho wa mstari wa tatu vidole vikasimama kwa sababu hapakuwa na mahali pengine pa kwenda.

"Baba, juzi sikupiga."

"Najua. Nilikuwa nimekaa hapa."

Mwalimu aliinama akaanza kupanga vitabu vilivyokuwa vimeshapangwa.

"Mama yangu aliutaka wote, Wambui," Baba akasema. Hakupaza sauti. Akainuka, akatoka nje.

Sikulia, ingawa nilitaka. Kisha nikamwomba Mwalimu anionyeshe mstari wa nne. Una kibao cheusi kimoja ndani yake, ndiyo maana alikuwa hajanifundisha. Alinishika kidole cha nne akakiweka hapo. Nusu saa yangu ikaisha, tukaendelea mpaka wanakwaya wakaanza kuingia wakipangusa viatu mlangoni.

Kabla hawajakaa niliupiga wote mara moja, polepole, kwa mkono mmoja. Dirishani nilimwona Baba langoni, amesimama kwenye manyunyu, amegeuka upande wa barabara. Sijui kama alisikia.

Nikafunika piano, nikachukua katoni yangu, nikatoka kumfuata.