Mmea Uliogoma Kukauka

Wifi yangu mpenzi,

Huku mimi mzima, na sweta ulilonitumia limenikaa barabara. Mvua imeozesha nusu ya mimea ya utafiti tuliyokusanya tuikaushe. Mmoja tu umegoma hata kukauka: ule wa majani manene, alioung'oa marehemu kaka kwenye jabali siku aliyoanguka. Miezi miwili umebanwa kati ya magazeti, na jana nimekuta umetoa chipukizi jeupe.

Bosi kasema, "Si uuchovye tu kwenye maji ya moto, ufe?" Birika limechemka mara tatu. Nimeshindwa.

Uliniuliza maneno ya mwisho ya kaka. Alininyooshea mmea, akasema, "Pokea huu kwanza, dada."

Niliupokea kwa mikono miwili, wifi. Na kamba aliyojifunga kiunoni nilikuwa nimeishika mimi.

Wifi yako