Lailaki Uliyoikata Kama Chai

Boito,
Bomet.
6 Oktoba 1996.

Mpendwa kaka Kipngeno,

Chamgei. Natumaini wewe, Winny na watoto mko wazima huko Kanada. Sisi hatujambo, mvua ipo na ng'ombe amezaa. Salamu zimeisha. Sasa nisikilize, maana nimekukasirikia tangu Julai.

Nani alikutuma kukata lailaki ya Mama, ule mti wake wa maua? Ulikuwa nyumbani wiki mbili tu! Asubuhi ya kuondoka ukashika kisu cha kupogolea chai, ukaikata juu ikawa bapa kama meza. Eti, "Tecla, nimewasaidia." Umetusaidia nini?

Chai tunataka majani, bwana. Lailaki tunataka maua, nayo yanatoka kwenye matawi ya zamani. Yale machipukizi manono, mawili mawili kwenye ncha, ndiyo yalikuwa maua! Hukuuliza mtu.

Unajua Mama alipewa mche na yule memsahib, bibi Mzungu ambaye Mama alikuwa akimfulia nguo, alipohama. Miaka tisa nimeubebea samadi na kufukuza mbuzi, hata ua moja hakuna. Tangu macho yake yaishe, Mama huutambua kwa vidole, jani laini lenye umbo la moyo. Kila jioni ananiuliza, "Bado?" Mwaka huu ukakubali kutoa machipukizi, labda kwa ile baridi iliyochoma chai kule bondeni, maana lailaki hutaka baridi ndipo ichanue. Na daktari alikuambia wewe mwenyewe kwamba huenda Mama asifike Krismasi. Nililia kwa hasira, Kipngeno.

Jumanne nikaona tawi moja chini, upande wa ukuta, ambalo kisu chako hakikufika. Limetoa kishada kimoja cha zambarau. Nikamshika Mama mkono hadi pale. Alinusa, akanusa tena. Halafu akapapasa juu, akagusa visiki. Akauliza ni nani amekata.

Nikamwambia ni wewe, kwamba ulikata makusudi ili nguvu yote iende kwa tawi lake moja. Alilia, akakubariki kwa jina lako la utotoni. Mimi niliyebeba samadi nimesimama hapo!

Kwa hivyo ukimwandikia, shukuru na unyamaze. Usithubutu kunisahihisha.

Johana mume wangu anakusalimu. Msalimie Winny na watoto. Mungu awafunike, hata wewe.

Kishada kimeanza kunyauka, na Mama sasa anauliza habari yako. Njoo upesi, mikono mitupu, bila kisu.

Dada yako akupendaye bado,
Tecla