Chupa Iliyojazwa Kwenye Chemchemi Yako

Bibi,

Shikamoo. Tangu tukuzike pale nyuma ya migomba sijakuandikia, nilikuwa nalia tu. Leo silii. Leo nina hasira, na sijui mwingine wa kumwambia.

Unakumbuka ulivyokuwa unaupita mto wa karibu, na miguu yako ile ya matege, ukapanda mpaka chemchemi ya juu? "Haya ya chini ni ya ng'ombe," ulisema. "Mtoto wangu atakunywa ya juu." Meno yako yalikuwa ya kahawia tangu utotoni. Yangu ni meupe. Huku mjini, Sekei ninakopanga, watu hunitania: Mmeru gani wewe mwenye meno hayo? Huwa nacheka. Sasa sicheki.

Wamechimba kisima kirefu chini ya shamba lako, kando ya shule. Mimi ni mmoja wa mainjinia wa kazi hiyo. Majibu ya maabara yalipokuja yakisema maji ni safi, hayana floraidi ya kutisha, madini yale yanayotia meno kahawia na kupinda mifupa, nilisoma karatasi mara tatu. Bibi, pale chini? Kwenye maji uliyowakataza hata vifaranga wako?

Nikaenda na chupa yangu, nikachota kisimani mwenyewe, nikapeleka maabara nyingine. Floraidi imepita kiwango, tena kwa mbali. Nikamuuliza dereva wetu chupa ya kwanza iliyopelekwa maabara ilijazwa wapi. Hakuona hata haya. "Si kwenye ile chemchemi ya bibi yako, dada? Bosi alisema tujaze pale."

Na ni nani aliyewaonyesha chemchemi? Mimi. Siku ya kwanza ya kazi niliwapeleka kwa majivuno, waonje maji ya bibi yangu. Wakanywa, wakasifu, kisha wakayatumia kudanganyia. Hilo linaniuma kuliko yote. Nisamehe.

Bosi huyo, injinia wetu mkuu, ameniwekea mezani hati ya makabidhiano ya kisima. "Saini tu," anasema. "Wageni wameshaalikwa. Na meno ya kahawia hayajawahi kuua mtu."

Hayajaua! Angekuona miaka yako ya mwisho, tukikunyanyua kukulaza kama mtoto, magoti hayakunjuki, na wewe unatuomba radhi kwa uzito wako! Wewe, mwanamke uliyebeba mikungu ya ndizi mpaka sokoni! Huyu mtu amesoma. Anaitwa Injinia hadi kanisani, anapewa kiti cha mbele. Yeye anajua kilichomo kwenye maji yale. Mama atakayefungua koki hajui. Ndiyo maana tukasomeshwa, ili anayejua amlinde asiyejua. Vinginevyo tusingehitajika, mafundi wa kufunga mabomba wapo tele Ngarenaro. Naye nyumbani kwake anakunywa maji ya chupa, Bibi. Nimeyaona.

Wenzangu wananiambia nisijitie kimbelembele, mkono mtupu haulambwi, nitafute riziki yangu kimya kimya. Nimewasikia. Usiku mmoja hata kalamu niliishika.

Sikusaini.

Jumapili hii nakuja nyumbani. Baada ya ibada, watu wakishamaliza kunadi mayai na ndizi za sadaka, nitaomba nafasi pale nje. Nitasoma karatasi zote mbili, na nitaanza na kosa langu, kwamba ni mimi niliyewaonyesha njia. Pengine Jumatatu nitakuta meza yangu ina mtu mwingine. Basi na awe nayo.

Lala, Bibi. Ndoo yako ya bati bado iko nyuma ya mlango wa jikoni, nimeangalia haivuji. Mpaka pale shuleni patakapopatikana maji ya kunywesha mtoto, nakuahidi, kila nitakapokuja nitapanda nayo juu, na watoto wa shule watakunywa kabla yangu.

Mimi mjukuu wako, uliyenichotea.