Mkufu Uliopungua Shibiri Mbili

Lady Barron,
Kisiwa cha Flinders,
Tasmania.
26 Agosti 1984

Mpendwa mdogo wangu Noreen,

Pokea salamu nyingi kutoka huku kwenye upepo. Natumaini barua hii itakukuta mzima, wewe na shemeji yangu na watoto, na kwamba kifua cha Terry hakijamsumbua tena kwa vumbi la migodi ya huko kwenu. Sisi tupo. Shemeji yako Clarrie mguu unamuuma kukiwa na baridi, na kukiwa na jua anasema unamuuma kwa mazoea. Mama tumemfikisha mwisho wa Agosti, jambo ambalo muuguzi hakulitarajia. Habari zake nitakueleza, lakini nivumilie nianzie mbali kidogo, maana barua hii naianza mara ya nne. Zile tatu nilizitia motoni.

Baridi ya mwaka huu imetukomesha. Upepo wa magharibi umevuma wiki sita bila kupumzika, umeng'oa bati la banda la kuku na kuku watatu wamekufa. Mashua za kuvulia kamba-koche zimefungwa gatini tangu Julai. Ndege wa baharini tuliowatia chumvi Aprili, kabla wenzao hawajahama kisiwa, wamebaki nusu pipa, na tunakula ndege na viazi, viazi na ndege, mpaka Clarrie anasema siku moja nitamkuta kaota manyoya.

Kwa hiyo watu wote wako ndani na kazi za mikono. Clarrie anafuma mitego ya kamba-koche ambayo hatakwenda kuitega, mimi nashona na kusafisha makombe ya baharini ya kutungia mikufu. Meza ya jikoni imejaa chupa za jemu kama zamani, kila moja na makombe yake yanayoozea ndani kabla ya kuoshwa. Unaikumbuka ile harufu? Ulikuwa unaziba pua na kukimbilia nje, na Mama anakuita binti wa gavana.

Sasa nije kwa Mama. Macho yake yamekwisha kabisa, hata dirisha halioni. Hilo ulilijua. Usilolijua ni kwamba tangu Juni akili yake nayo inakwenda na kurudi, na siku hizi inakwenda zaidi. Anamjua Clarrie kwa kikohozi chake. Anamjua muuguzi kwa baridi ya mikono. Mimi ananiita Noreen.

Mwanzoni nilicheka. Nikamwambia, "Mama, Noreen yuko Kalgoorlie, mimi ni Velma." Akanijibu, "We Noreen, usinifanye mjinga. Velma ana mikono mizito." Nikamaliza kumchana nywele. Lakini haikuwa siku moja, mdogo wangu, wala wiki moja. Miaka ishirini na miwili nimeishi naye nyumba moja, namkatia kuni, namwogesha, na jina ambalo haliko kinywani mwake ni langu. Nakuambia wazi kwamba limeniuma, na wakati mwingine ninapoliosha shuka lake nakuchukia wewe ambaye huna kosa.

Kuna jambo umefichwa, nami ndiye niliyeambiwa nilifiche. Ulipoondoka na Terry ukiwa na miaka kumi na tisa, bila kuaga, Mama aliapa kwamba hatakutungia mkufu. Unajua kwetu mama ndiye anayemtungia binti, na uzi hauguswi na mkono mwingine. Wa kwangu alinivisha nilipotimiza thelathini. Wako ukabaki kiapo. Basi miaka minane iliyopita, bila kumwambia mtu, akaanza. Nilimkuta ana yale makombe ya kijani, mairina, mapana kuliko yote, ameyachagua moja moja kwa kuyapima na ukucha. Nikamwuliza ya nani. Akasema, "Ya yule mjinga. Na ukimwambia nitakukata ulimi."

Akawa anatunga kwa macho mabovu, kisha kwa vidole tu. Mairina matatu, kombe moja jeusi la kunguru, mairina matatu. Mimi kazi yangu ilikuwa kuyaokota kwenye mwani maji yakitoka, kuyaosha na kuyatoboa. Uzi sikuugusa. Hadi Mei mwaka huu ulikuwa umebaki shibiri mbili tu ufike urefu wa kwetu, ule wa kuzunguka shingo mara tatu. Na kulikuwa na chupa moja ya mairina, ya mwisho, niliyoijaza mwaka jana mwezi wa kumi. Ilitosha kabisa.

Noreen, chupa hiyo nimeiharibu mimi.

Ilikuwa tarehe tano mwezi wa saba. Baada ya chai ya asubuhi niliyatia kwenye siki ili utoke ule utando wa nje na kijani kianze kuonekana. Unajua ni kazi ya kusimamia, unayatazama kama maziwa motoni, ukizubaa siki inalila na kombe lenyewe. Nikasikia mlango wa nyuma unagonga. Kitanda cha Mama kilikuwa kitupu. Alikuwa ametoka na gauni la kulalia, hana viatu, mvua inapiga ubavuni. Clarrie na mguu wake alishika njia ya gati, mimi nikashika ya ufukweni. Nilimkuta amesimama ndani ya maji mpaka magotini, ameinama, anapapasa mwani. Nikamwambia, "Mama, unatafuta nini?" Akasema, "Yamepungua. Hayatamtosha."

Kumtoa, kumbeba, kumpasha moto, kumtafuta muuguzi, siku ile ilikwisha. Siki niliikumbuka kesho yake nilipotaka kuweka sufuria mezani. Makombe yalikuwa meupe kama chokaa. Nililishika moja likavunjika kama ganda la yai, na la pili, na la tatu. Nikakaa chini palepale sakafuni. Clarrie, katika kutaka kunichekesha, akasema, "Siki nzuri hiyo, ungeniwekea mimi kwenye samaki," kisha akaniona uso akaenda nje kupasua kuni ambazo zilikwisha kupasuliwa.

Mengine hakuna. Nimeulizia kila nyumba hapa, na wale dada wa kisiwa jirani cha Cape Barren nimewapelekea ujumbe. Kila mtu ana ya mkufu wake, na mairina makubwa vile hayaombwi. Hakuna anayeweza kuingia majini mpaka upepo utulie na maji yapwe sana mchana, yaani majira ya kuchipua, ndege wakisharudi. Hata hapo, kuyaozesha na kuyaosha ni wiki kadhaa. Muuguzi ameniambia nisihesabu kwa wiki kadhaa.

Tangu siku ile ya majini Mama hajashuka kitandani. Na kila siku, akishakunywa uji, ananyosha mkono. "Lete mkufu." Nampa wako. Anaupima kwa shibiri, anafika mwisho wa uzi, anasema, "Bado. Velma anayaosha lini yale mengine?" Anamwuliza Noreen habari za Velma, na Velma ndiye amesimama pale na kitambaa mkononi. Nilimwambia yamelowekwa. Nikamwambia yanakauka. Nikamaliza uongo wote ninaoujua.

Juma lililopita nikafanya ujinga. Nilitoa mkufu wangu mwenyewe sandukuni. Umetimia, mara tatu shingoni, mairina na kunguru kama wako. Nikajiambia kwamba Mama haoni, kichwa kinamcheza, atakufa akiamini kazi imekwisha. Nikamwekea mikononi. Nikasema, "Umekwisha, Mama. Umefika."

Hakupima kwa shibiri. Aliupitisha vidoleni polepole, kombe kwa kombe, mpaka karibu na katikati, akasimama hapo. Unajua, katika mkufu wangu kuna mahali kunguru wawili wamefuatana. Mimi siku zote nilidhani ni kosa lake, na kwa adabu sikuwahi kumwambia.

Akasema, "Huu wa Velma. Hapa nilimwekea mwanawe." Yule wangu aliyeishi siku mbili, Noreen. Mwaka ule Mama hakusema neno juu yake hata moja, na mimi nilimwekea kinyongo kwa hilo mpaka nywele zangu zikaota mvi.

Kisha akaushika mkono wangu, akanikemea kwa sauti ya chini kabisa. "Urudishe sandukuni kabla hajajua, Noreen. Ukimchukulia huu utamwua. Yule halii mbele ya watu, lakini anaumia." Halafu akaniuliza, "Kwani Velma mbona haji kuniona? Nimemkosea nini?"

Nilikuwa nimepiga magoti kando ya kitanda, shavu langu liko karibu na lake hata pumzi zetu zinagongana. Nilimwambia, "Atakuja, Mama. Ndege wakirudi." Sasa haulizii tena mkufu. Anauliza kama ndege wamerudi. Anauliza asubuhi na jioni, na namwambia bado, na ni kweli, mbinguni hakuna kitu ila mawingu.

Nakutumia mkufu wako pamoja na barua hii, umepungua vilevile. Usimpe mtu mwingine aumalizie. Kwenye bahasha ndogo nimeweka mairina moja lililoharibika, uone kwa macho yako nisije nikasingizia panya baadaye. Litakuwa limevunjika likifika.

Msalimie Terry, umwambie Clarrie hajamsahau na anamdai kisu cha kuchunia. Wabusu Denise na Raylene, na wao waanze kuzizoeza pua zao harufu, maana iko siku mtu atawafundisha kazi hii hapa mezani. Majirani wote wa barabara ya gatini wanakusalimu.

Nauli najua ni kubwa na safari ni ya ndege tatu, na ya mwisho ni ile ndogo inayorushwarushwa na upepo unayoiogopa. Lakini njoo, Noreen. Usingoje ndege wetu warudi mwishoni mwa Septemba, njoo mbele yao. Njoo ukae kwenye kile kiti cha kando ya kitanda umshike mkono, umwite Mama, awe na Noreen wake. Mimi nitakuwa jikoni natengeneza chai. Nitahesabu mpaka mia, nitabisha mlango wa chumba kama mgeni, na akiuliza nani huyo, nitamwambia ni Velma, Mama, nimefika.

Mungu akulinde njiani na akutulizie upepo.

Dada yako akupendaye, hata siku zile anazokukasirikia,
Velma