Majibu Yaliyokwama Maabara

Jumanne

Wala sikuchoka. Nilidhani siku ya kwanza kazini baada ya kumzika baba kule Kisaka ingenishinda, lakini nilifanya kila kitu kama kawaida, moyo umekaa kimya tu.

Asubuhi nilipofika hospitalini, ambako mimi ni fundi wa kompyuta, nilikuta daktari anabishana na maabara kwenye simu.

"Majibu nimeshatuma," anasema wa maabara.

"Mimi huku sioni kitu," anasema daktari.

Na mlangoni amekaa mama mmoja wa Nyansurura, mtoto wake anachemka kwa homa. Hilo ndilo lililoniudhi, kwamba wanabishana na mtoto yuko pale.

Programu zao ziko kwenye seva moja, ile kompyuta kuu ya hospitali, kila moja ndani ya kontena lake, yaani kama chumba chake kilichotengwa humo humo. Jana Chacha, fundi mwenzangu, aliliweka upya kontena la maabara akasahau kuliunganisha na mtandao, basi majibu hayakuwa na njia ya kutokea. Niliandika amri ya mstari mmoja tu, ya kuliunganisha, nikabonyeza. Majibu yakaingia kwa daktari. Malaria kali. Mtoto akatundikiwa dripu.

Siku nyingine ningefurahi.

Jioni natoka, yule mama akanisimamisha. Nikamwamkia.

"Marahaba. Mtoto ameomba uji," akasema. "Wasalimie wazazi wako, mwanangu. Wamekulea."

Nikamjibu kwamba salamu zitafika.

Za mama yangu nitampa kesho kwa simu. Za baba…