Gari la Baba Mkwe na Kilima cha Ukumbini

Jumapili, 2 Juni

Karbureta nimeifungua tena leo. Mara ya tatu! Nimeiosha kwa petroli, nimepuliza kila kitundu mpaka ulimi unanuka, nimeirudisha, nimetega na taimingi, ule wakati wa cheche kuruka, nimewasha — likawaka vizuri tu. Nikalipeleka kwenye kile kilima cha njia ya ukumbini. Likapanda bila kelele. Nimerudi kichwa kimevimba, namwambia mke wangu gari la baba yako limepona.

Lazima lipone. Jumamosi shemeji yangu anaolewa, na ameapa hapandi gari jingine. Ndilo lililompeleka mama yake ukumbini siku ya harusi yake, na mama mwenyewe hatunaye tena. Nani atambishia? Mimi nikajitia kusema "niachieni mimi." Mdomo huu utaniponza.

Jumatatu, 3 Juni

Limepona wapi! Asubuhi naenda kazini, mwinuko wa kwanza tu — kakakaka! Kokoto ndani ya kopo. Mshale wa joto ukapanda mpaka kwenye wekundu. Nikazima, lipoe. Kuwasha tena likagoma. Nimefika kazini kwa miguu, shati jeupe limeloa mgongo mzima, na mteja wa kwanza akaniuliza kama nimetoka kuchimba kisima.

Jioni nimeinama tena kwenye karbureta. Baba Mkwe akatoka chumbani kwake uani, akasimama nyuma yangu, mikono mgongoni. Tangu aje kukaa nasi gari nalitunza mimi, lakini macho yake hayabanduki. Mzee alifanya kazi ya mitambo kiwanda cha nguo maisha yake yote, na jioni mtaa mzima ulikuwa unamletea magari ayasikilize. Bila taa ya taimingi, bila kipimo. Sikio tu! Leo akasema nyinyi vijana mnalitazama gari, gari halitazamwi, linasikilizwa. Kijana! Mimi mwenye mvi za kidevu. Nikasema ndiyo, Baba. Akasema magoti yamemwacha, macho yanamuaga, lakini sikio lake ni lile lile. Nikasema ndiyo, Baba. Mkwe ana ubishi gani?

Jumanne, 4 Juni

Platini mpya ya cheche. Plagi mpya. Taimingi nimeitega upya. Jioni linakwenda vizuri kabisa. Sisemi kitu.

Jumatano, 5 Juni

Kakakaka!

Nimeupiga usukani ngumi, mkono ndio ulioumia. Nikalikokota kwa fundi. Akamulika kwa taa ya taimingi, akaguna. Akasema karbureta usiionee, haina kosa. Taimingi imesogezwa mbele mno, cheche inaruka kabla ya wakati wake, ndiyo maana injini inagonga na kuchemka. Ukiendelea hivi utatoboa pistoni. Akaitega upya, akakaza boliti ya distribyuta, kile kikombe kinachogawa cheche. Akasema boliti hii hailegei yenyewe, kuna mtu anaichezea, kaulize nyumbani kwako.

Nyumbani kwangu nani? Mke wangu hajui hata boneti inafunguliwa wapi. Watoto wapo shule ya bweni. Baba Mkwe? Huyo angeligusa, si lingekuwa limepona zamani!

Lakini maneno ya fundi yamenikaa. Nimechukua rangi ya kucha ya mke wangu, nyekundu, nikachora mstari kutoka kwenye distribyuta mpaka kwenye injini. Distribyuta ikizungushwa, mstari utakatika. Mke wangu akauliza kwani gari nalo ni bibi harusi? Sina ucheshi wiki hii.

Alhamisi, 6 Juni

Nimeamshwa alfajiri na injini. Nikachungulia dirisha la jikoni. Baba Mkwe! Na fulana yake ya kulalia, spana mkononi.

Amelegeza boliti. Anaizungusha distribyuta kidogo, anavuta mafuta kwa mkono, anatega sikio. Injini inagonga mpaka vikombe vinatikisika rafuni, mimi ndani nimeuma meno. Yeye anakunja uso, kama mtu anayetafuta kitu alichokiweka mwenyewe. Anasogeza tena mbele. Inagonga zaidi. Hapo akatabasamu.

Nilisimama na birika mkononi nisijue pa kuliweka. Kugonga kule kunanifikia mimi jikoni, yeye aliyeinamia injini hakumfikii mpaka kuzidi. Masikio nayo yamemwacha! Siku zote hizi! Mimi natega jioni, yeye "anarekebisha" alfajiri.

Nikatoka. Shikamoo, Baba. Kimya. Shikamoo, Baba! Kimya. Mpaka kivuli changu kilipomwangukia ndipo akashtuka. Akasema nimekurekebishia, taimingi ulikuwa umeirudisha nyuma mno, na asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Sikujua nicheke au nilie. Nikasema asante, Baba. Mstari wangu mwekundu umekatika, nusu huku, nusu kule.

Nimemweleza mke wangu. Kwanza akakasirika nami. Halafu akakaa kitandani. Akasema kumbe ndiyo maana redio yake siku hizi inapiga kelele mpaka mtaa wa pili. Majirani wanamwambia baba yako siku hizi ana kiburi, haitikii salamu, na yeye amekuwa akimgombeza mzee kwa hilo. Akalia. Kisha akafuta macho, akasema usimwambie, angalau mpaka harusi ipite. Nikamuuliza na kile kilima je? Akasema si ulisema tukuachie wewe?

Ijumaa, 7 Juni

Nimeficha spana. Ameazima kwa jirani! Jirani ananiambia kwa furaha, mzee wenu bado yumo, eeh? Yumo, ndiyo. Yumo mpaka ndani ya distribyuta.

Mchana nikajikaza. Nikamfuata chumbani, nikakaa karibu, mbele ya uso wake, nikaongeza sauti. Baba, nina jambo. Akadhani nataka kumshukuru. Akanishika goti. Akasema kesho kabla ya kuondoka anataka afungue boneti mbele ya wakwe wapya, alisikilize gari kidogo, wajue binti wanayemchukua katoka kwa nani. Akasema watu siku hizi hawaniulizi kitu, mwanangu. Naona midomo tu inakwenda. Nikiinama kwenye injini ndipo najiona bado mtu.

Midomo tu inakwenda! Anajua, au hajui? Nikameza maneno yangu yote. Namkasirikia, na namwonea huruma, na hasira haiishi kwa sababu ya huruma. Nimeitega taimingi, nimekaza boliti kwa nguvu zangu zote. Nimebaki na kuomba Mungu.

Jumamosi, 8 Juni

Naandika nimejifungia bafuni. Nimesema nanawa mikono.

Bibi harusi yuko kiti cha nyuma, shela imejaa mpaka dirishani. Wakwe wapya wamejipanga uani, simu juu. Nikawasha — likatulia kama maji mtungini. Nikajua tumevuka. Ndipo akaja Baba Mkwe na suti yake ya kijivu, akafungua boneti, akainua mkono watu wanyamaze. Wakanyamaza. Akachomoa spana mfukoni mwa koti. Kwenye suti! Akalegeza boliti, akazungusha. Injini ikakohoa, ikatetemeka, ikazima.

Zima kabisa. Hata kuku wa jirani nilimsikia.

Yeye bado ameinama. Amefumba macho, kichwa anakitikisa taratibu, ameridhika. Akazungusha kidogo tena, akakaza boliti. Akasema haya, sikieni wenyewe, hii ndiyo injini.

Hakuna aliyecheka. Bwana harusi akanitazama. Shemeji akateremsha kioo, akanitazama. Mke wangu akatazama viatu vyake. Baba Mkwe akafumbua macho, akaniuliza mbele ya watu wote, unaisikia, mwanangu? Nikasema naisikia, Baba. Akafunga boneti kwa upole, akaipangusa kwa leso yake.

Mke wangu anagonga mlango wa bafu. Baba ameshaingia kiti cha mbele, amefunga mkanda. Anauliza dereva yuko wapi, gari linaunguza mafuta bure.